Shimesikio Mbili na Kelele za Vichochoroni

Faida ya kuvaa shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, katika masikio yote mawili haionekani vizuri kwenye chumba kimya. Humo, mtu mwenye upungufu wa usikivu katika masikio yote mawili anayezungumzishwa uso kwa uso huelewa karibu sawa akiwa na moja au mbili, akaona ya pili ni gharama ya bure. Kipimo cha kweli kinataka kelele, na sauti zitoke pande mbalimbali, kama katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar.

Mzee amekaa barazani katika mtaa wa Kiponda. Kushoto jirani anamhadithia, kulia muuza kahawa anagonganisha vikombe, na konani pikipiki inapiga honi. Sauti ya ubavuni hulifikia kwanza sikio la karibu. La pili huipata baadaye, kwa tofauti isiyozidi sana sekunde 0.0007. Kichwa nacho hukinga sauti nyembamba, zikafika upande wa pili zimefifia. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza mwaka 1907 kwamba tofauti hizo mbili ndizo zinazomjulisha mtu sauti inatoka wapi. Kichochoroni kazi huzidi ugumu, maana kuta za mawe hurudisha mwangwi. Mwenye shimesikio moja huisikia pikipiki, lakini hajui ajibanze ukuta upi.

Kwa hiyo mpimaji huweka spika ya maneno mbele ya anayepimwa, na ya kelele ubavuni. Kwa Kiswahili hufaa maneno yanayokaribiana: fika na shika, saa na faa, fua na vua. Uzee huanza kuondoa usikivu wa sauti nyembamba, na s, f na sh zimo humo. Anayepimwa huyarudia maneno akiwa na shimesikio ya kulia tu, kisha ya kushoto, kisha zote mbili, orodha ikibadilishwa asije akajibu kwa kukariri. Halafu kelele huhamishiwa upande wa pili. Hatua hiyo haifai kurukwa: shimesikio moja iliyo mbali na kelele hufanya vizuri, na kasoro yake hujitokeza kelele ikiisogelea.

Siku moja haitoshi. Ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzoea, basi majaribio huendelea sokoni Darajani, msikitini na harusini. Wapo wachache, hasa wazee, ambao shimesikio ya pili huwavuruga. Hao waachiwe moja. Ila kuliacha sikio moja bila kifaa pasipo sababu kuna hasara. Mwaka 1984 Silman na wenzake, watafiti wa Marekani, walionyesha kuwa sikio lisilo na kifaa, ilhali mwenzake anacho, hupungukiwa na uwezo wa kutambua maneno hata kama usikivu wake wa milio haujashuka.