Mawingu Ndiyo Tatizo Dogo

Ikiwa rada inapenya mawingu na giza, mbona wataalamu wa misitu ya kaskazini bado wanalalamikia hali ya hewa? Swali hili huzuka kila ramani ya ukataji miti inapochelewa, na limesimama juu ya imani kwamba hali ya hewa ni mawingu tu. Ni kweli, mawingu hayaisumbui rada. Setilaiti ya Sentinel-1, yenye mawimbi ya urefu wa sentimita 5.5 hivi, huipiga picha Finland usiku wa Desemba sawasawa na mchana wa Juni. Lakini rada hupokea mwangwi, na nguvu ya mwangwi hutegemea sana maji yaliyomo kwenye matawi, majani na udongo. Katika kuitikia uga wa umeme, maji yana kipimo cha karibu 80. Yakiganda, kinaporomoka hadi karibu 3. Usiku mmoja wa baridi kali unatosha kuufifisha kwa desibeli kadhaa msitu wa misonobari ambao hakuna aliyeugusa, na kupungua kwa desibeli 3 tu ni kupoteza nusu ya nguvu. Programu isiyo na habari za baridi hiyo itatangaza kwamba miti imefyekwa. Joto likirejea, itatangaza kwamba imeota upya, na yote hayo ndani ya wiki chache!

Hapo ndipo huletwa dawa ya mitaani: kusanya picha nyingi, tafuta wastani, dosari zitajifuta. Zitakazojifuta ni chengachenga za picha, ambazo hutokea kiholela, huku zikipanda na kule zikishuka. Jalidi halina uholela huo. Hushusha eneo zima kwa siku moja, na theluji inayoloa au mvua iliyotua juu ya majani nayo huvuta kwa namna yake. Ukichanganya picha kumi za msitu ulioganda na kumi za msitu uliolowa, utapata wastani safi, laini, wa msitu usiokuwepo siku yoyote. Kichujio cha kulainisha hakisaidii zaidi. Kinalipamba kosa lilelile. Wengine hukimbilia mawimbi marefu. Ya sentimita 24, kama ya setilaiti ya ALOS-2 ya Japani, huingia ndani zaidi ya matawi, ila nayo hufifia mti ukiganda. Setilaiti ya BIOMASS, iliyorushwa Aprili 2025 na mawimbi ya sentimita 70 hivi, hairuhusiwi kupiga picha Ulaya wala Amerika Kaskazini, isije ikaingilia rada za kijeshi za Marekani zinazofuatilia vyombo vya angani. Sweden isiingoje.

Basi tuzitupe picha za baridi? Hapana. Baridi iliyotulia ni rafiki: setilaiti za rada ERS-1 na ERS-2, zilipopishana kwa siku moja katikati ya miaka ya 1990, zilionyesha kwamba mawimbi ya picha mbili hulingana vizuri zaidi matawi yakiwa yameganda bila upepo, na hapo uwanja uliokatwa hujitenga wazi na msitu. Adui ni nyuzi sifuri zinazovukwa huku na huku.

Kwa hiyo: linganisha majira kwa majira, njia ileile ya setilaiti, saa ileile. Soma kipimajoto cha kituo cha karibu kabla ya kufungua picha. Pima kila kipande dhidi ya msitu mzima ulio jirani, maana jalidi huwapiga wote wawili, msumeno humpiga mmoja. Subiri kushuka kuthibitishwe na picha za siku tofauti zisizo na barafu. Kisha mtume mtu akaangalie.