Wifi ya Nyumbani: Lipia Ruta, Si Simu Yako
Umelipia wifi na bado nyumba haina intaneti? Tunapigiwa simu nyingi za aina hii, na mara nyingi shida ni namba ya akaunti. Ruta ya 4G au 5G huwa na laini yake ndani, na namba yake si ile ya simu yako. Kwa hivyo ukilipa kwa Paybill, pale kwa akaunti weka namba uliyopewa ulipofungiwa ruta. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kuwasha wifi ya mtu usiyemjua! Na fundi akisema umtumie kwa namba yake "ndio iwake haraka", kataa. Umeshakosea? Tupigie saa hiyo hiyo. Pesa ikishageuka bando la mwingine, kuirudisha ni kazi.