Mali Bila Daftari: Albamu ya Stempu Iwe Urithi wa Ukoo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu tunapousikia usemi huo hufikiria fedha, ng'ombe na mashamba. Leo, ndugu msomaji, twapenda kuuelekeza kwenye mali ndogo mno, ambayo katika nyumba nyingi za wanajeshi na polisi imelala ndani ya mkebe wa biskuti au chini kabisa ya sanduku la chuma: bahasha za barua zilizotoka kambini, pamoja na stempu zilizobandikwa juu yake.

Katika jambo hili sisi tuna deni, na yafaa tulikiri kabla ya kumfundisha mtu. Baba yetu mdogo aliingia jeshini akiwa kijana baada ya vita vya 1978 na 1979. Barua yake ya mwisho ilifika nyumbani ikiwa na stempu mojawapo ya zile zilizoongezewa chapa ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Uganda Imekombolewa 1979". Yeye mwenyewe hakurudi, wala kaburi lake halijulikani. Barua ililiwa na mchwa, ikabaki bahasha tu. Bibi yetu, ambaye sote tulimwita Jaja, aliitunza bahasha hiyo ndani ya kitambaa kwa miaka zaidi ya ishirini. Jaja hakujua kusoma, lakini kila Krismasi aliitoa, akaitazama, kisha akaifunga tena.

Mwaka 2001, tukiwa na umri wa miaka 11, tulianza kukusanya stempu kama wafanyavyo watoto wa shule. Tukaiona ile bahasha. Tukaikata stempu kwa wembe, tukaibandika katika daftari kwa gundi na utepe wa kunata, na bahasha tukaitupa motoni pamoja na takataka. Jaja alipogundua hakutupiga. Aliuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, na jina la mahali alipokuwa liko wapi?"

Hapo ndipo tulipoitazama stempu kwa makini. Muhuri wa posta ulikuwa umebaki robo, na herufi zilizosomeka zilikuwa tatu: M, B, A. Je, ni Mbale au ni Mbarara? Mji mmoja uko mashariki ya nchi na mwingine uko kusini magharibi. Sehemu iliyosalia ya jina, pamoja na tarehe, iliteketea kwa mikono yetu wenyewe. Jaja alifariki bila kupata jibu.

Basi somo la kwanza ni hili: stempu ya askari si picha tupu. Thamani yake kwa ukoo imo katika muhuri na katika bahasha. Kwa hiyo, bahasha ya mtu wa nyumbani isikatwe kamwe; ihifadhiwe nzima. Stempu za barua nyinginezo, zisizo na kumbukumbu, ndizo zinazoweza kukatwa pamoja na karatasi ya pembeni, zikalowekwa katika maji vuguvugu kwa muda wa dakika 20 hivi, zikabanduka zenyewe, kisha zikaanikwa kifudifudi juu ya kitambaa safi.

Nchi yetu ina sababu ya pekee ya kuheshimu kazi ya mkono katika mambo ya stempu. Stempu za kwanza za Uganda hazikutoka katika mtambo mkubwa wa kupigia chapa. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar wa Church Missionary Society alizipiga kwa taipureta huko Mengo. Hazikuwa na picha wala meno ya kuchania. Zilikuwa na herufi U na G pembeni, na tarakimu katikati. Thamani yake ilihesabiwa kwa simbi, na simbi 200 zilikuwa sawa na rupia 1. Baadaye, tangu 1935, zikaja stempu zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, zikiwa na picha za korongo wenye taji, za simba, na za daraja la Jinja. Kisha zikaja za uhuru wa 1962, na hatimaye zile za ukombozi wa 1979. Ukoo wenye mikebe mitatu ya barua kuukuu unaweza kuwa na historia ya taifa bila kujua.

Sasa tuingie kazini. Albamu za kununua zipo, lakini ile iliyotengenezwa kwa mkono wa mzazi haiuziki, na askari anayejua kushona kifungo na kiatu chake hana sababu ya kuiogopa kazi hii.

Kwanza ni karatasi. Chagua karatasi nyeupe, nene, isiyo na asidi. Karatasi hafifu, kama ya gazeti, hugeuka manjano na kuvunjika, na huiambukiza stempu iliyo juu yake. Kata kurasa 20 au 30 zenye kipimo kimoja. Baina ya kila kurasa mbili weka ukanda wa karatasi ile ile, wenye upana wa sentimita 3, upande wa mgongo. Kanda hizo huacha nafasi kwa ajili ya unene wa bahasha. Bila hizo albamu ikijaa itaachama kama mdomo wa samaki.

Pili ni mshono. Toboa matundu matano kwa msharasi, kisha shona kwa uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki. Usitumie pini za chuma, kwa maana hushika kutu.

Tatu ni jalada, na hapa ndipo penye pambo. Sisi tulifunika kadibodi ngumu kwa kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kile kiitwacho lubugo. Mafundi wa Buganda hubandua gome, wakalifunga shina majani ya mgomba ili lipone, kisha wakaliponda gome kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka likalainika na kutanuka. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu. Lubugo ndiyo sanda ya wazee wetu. Baba yetu mdogo hakuipata. Tuliona ni haki kumbukumbu yake ivikwe. Kwa ndani tuliweka karatasi nyeupe ili gome lisigusane na kurasa. Katika kamba ya kufungia tukatunga simbi mbili, kwa kukumbuka zile stempu za Mengo, nazo huning'inia nje ya jalada zisije zikakandamiza kurasa.

Nne ni kupanga. Gundi na utepe wa kunata ni adui, kwani utepe ule wa mwaka 2001 umeacha doa la kahawia lisilotoka. Tumia vijikaratasi maalumu vya stempu, vyenye gundi hafifu, au pembe za karatasi zinazoshika bahasha bila kuigusa kwa gundi. Kanuni ni moja: kila kitu kiwe cha kuondoleka bila kuchanika. Pembeni andika kwa penseli jina la mwandishi wa barua, aliyeandikiwa, mji na mwaka. Mambo ya siri ya kazi hayana nafasi humo. Huu ni urithi wa watoto.

Mwisho ni utunzaji. Albamu isimamishwe wima mahali pakavu, mbali na sakafu na ukuta, na ifunguliwe mara kwa mara ipate hewa. Mchwa na unyevu hupenda kitu kilichosahauliwa.

Siku hizi askari aliye mbali husema na mkewe kwa simu, nalo ni jambo jema. Lakini maana yake ni kwamba bahasha zilizomo mikebeni ni karibu za mwisho; zikipotea hazitafuatwa na nyingine. Yafaa basi kila mmoja wetu, atakapokwenda likizo, aufungue mkebe wa wazazi wake na kuwauliza majina wangali hai.

Albamu yetu tuliimaliza baada ya kutoka chuo cha makadeti. Katika ukurasa wa kwanza ipo stempu ile moja, pamoja na doa lake. Chini yake tumeandika "Mbale au Mbarara", na kando yake tumeacha mahali patupu penye kipimo cha bahasha. Watoto wetu wakiuliza kwa nini pako wazi, tunawaambia ukweli.