Dagaa wa Ujiji: Kauli ya Nahodha ni Deni la Tajiri

UJIJI: Mfanyabiashara anayetaka kuingiza mtaji katika dagaa wa Ziwa Tanganyika hupiga hesabu ya chombo, nyavu, taa na mafuta. Gharama isiyoonekana katika daftari lake ni ile inayoletwa na kauli ya msimamizi: nahodha anayepanga vijana wa usiku, au mnyapara anayegawa zamu za kuanika.

Matajiri wengi huwaachia watu hao kuajiri na kufukuza. Lakini anachotenda msimamizi kwa niaba ya tajiri, huhesabiwa kuwa kimetendwa na tajiri mwenyewe.

Nani mwajiriwa?

Kusema "hawa tunagawana mapato tu" hakutoshi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, anapewa vifaa vya kazi, au anamtumikia mtu mmoja tu.

Karatasi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: aina ya kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Kibarua wa siku chini ya 6 kwa mwezi hahusiki. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na karatasi haipo, ni mwajiri atakayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana.

Usiku na watoto

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, sheria inadai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuwa baharia wala kufanya kazi ya hatari. Hapa msimamizi naye hasalimiki, kwani kosa ni la yeyote aliyemwajiri mtoto au kumtafutia kazi hiyo.

Ziwa likifungwa

Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kufungwa huko hakufuti ajira. Tajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi hutakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana nao. Kumtuma nahodha akawaambie vijana "nendeni nyumbani" si utaratibu.

Aliyetimiza miezi 6 kazini akiachishwa, mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka shauri kwenye Tume. Akishinda, anaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia ya mishahara ya miezi kadhaa, kiasi kinachoweza kumeza faida ya msimu mzima.

Wenye mitaji midogo wanashauriwa, kabla ya kununua sehemu katika chombo chochote, kudai daftari la watu kama wanavyodai leseni. Nahodha naye apewe maelekezo kwa maandishi: nani anaweza kumwajiri, nani hawezi, na kwamba kumfukuza mtu si kazi ya mdomo wake peke yake.