Je, Wajua? Weupe wa Barafu ni Karatasi Yenyewe

Katika uchoraji wa rangi za maji, theluji na barafu kwa kawaida havipakwi rangi nyeupe. Mchoraji huacha karatasi wazi, kisha huizungushia vivuli vya buluu iliyozimuliwa sana. Buluu hiyo si pambo: barafu nene hunyonya sehemu nyekundu ya mwanga wa jua na kuipitisha ya buluu. Doa la rangi likishakauka ni vigumu kulifuta, ndiyo maana kazi huanza na rangi hafifu, na miamba myeusi huja mwisho.

Barafu ya Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, ilipata wachoraji mapema. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na kitabu chake kuhusu safari hiyo kilipambwa kwa picha za E. T. Compton, bingwa wa kuchora milima. Mwaka 1898 Meyer alirudi na mchoraji Ernst Platz, aliyechora akiwa mlimani hapohapo. Kazi za namna hiyo sasa ni kumbukumbu za thamani kubwa mno, kwani eneo la barafu lilipungua kutoka takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2011.

Kisarawe, karibu na pwani ya Tanzania, haina theluji. Hata hivyo nayo inahusika na weupe wa karatasi: vilima vyake vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe ambao viwandani huifanya karatasi iwe nyeupe na laini.