Mwanzi wa Kahuzi na vipande vyake visivyotulia

Kwenye soko la Miti, kando ya barabara ya Bukavu kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, nilikuta ungo wa mianzi umejaa mahindi makavu. Hindi moja lilinisimamisha. Punje zake nyeupe zilikuwa na madoa ya zambarau, mengine madogo kama vumbi, mengine yamefunika nusu ya punje. Nikamwuliza mwenye ungo: "Mama, hili lina ugonjwa?"

"Hapana, papa," akanijibu. "Njo vile inazaliwaka."

Mama alisema kweli, na jibu lake lina habari inayogusa hata ule ungo aliokuwa ameupakata. Miaka ya 1940, huko Cold Spring Harbor, Marekani, mtafiti Barbara McClintock alifuatilia madoa ya namna hiyo mpaka akagundua kwamba kuna vipande vya DNA vinavyohama. Kipande kikiingia katikati ya jeni ya rangi, punje inakosa rangi. Kikichomoka wakati punje ingali inakua, seli ile na uzao wake wote hurudisha zambarau. Kikiondoka mapema, doa huwa kubwa. Kikichelewa, linabaki tone tu. Wenzake wengi hawakumwelewa kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.

Mahindi na mianzi ni ya ukoo mmoja wa nyasi, pamoja na mpunga na miwa. Na katika mianzi vipande hivi, transposoni, vimefanya kazi kubwa ajabu. Mwaka 2013 watafiti wa China walichapisha jenomu ya mwanzi wao maarufu, moso: herufi za DNA karibu bilioni 2, mara tano ya mpunga. Sehemu ya unene huo ni ya muungano wa kale, mababu wawili tofauti walipoweka urithi wao pamoja. Ndiyo maana moso una kromosomu 48, mpunga 24. Lakini karibu asilimia 60 ya jenomu yake ni transposoni.

Nyingi haziendi kama ile ya hindi, kwa kung'oka na kuhama. Zinafuata desturi ya mgomba: shina mama linabaki mahali pake, kichipukizi kinatokea pembeni, nacho kinatoa vingine, mpaka shamba limejaa bila mtu kupanda. Seli huzifunga kwa alama za kikemia zisizidi kuzaana. Joto kali au baridi inaweza kulegeza kufuli.

Zamani ziliitwa takataka, na mimi jina hilo silikubali. Nyingi zimelala kimya, ni kweli, na nyingine huvunja jeni nzuri. Lakini zimo zilizobeba swichi, na zikitua karibu na jeni hubadilisha inaamka lini na wapi. Kwa mwanzi hilo lina uzito wa pekee. Mahindi huchanganya urithi kila msimu. Mwanzi hukaa miongo bila kuchanua, ukienea kwa shina la chini ya udongo, hata mashina mengi unayoyahesabu huweza kuwa mmea mmoja. Badiliko lililoanzia kwenye kichipukizi linaweza kuendelea shina baada ya shina, bila kungoja mbegu. Kichaka kikiteketezwa kabla ya kuchanua, mabadiliko hayo yanaweza kupotea nacho, na hilo linaniuma kila nikiona moshi kwenye vilima vyetu.

Tulifuata barabara ya Hombo, inayoiacha Miti na kupanda Tshivanga, kwenye Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970. Karibu mita 2,400 juu ya bahari, mwanzi wetu, Oldeania alpina, wa kundi moja na moso, unashika mlima. Mvua zilikuwa zimeanza na vichipukizi vimetoboa udongo. Gorila mmoja alikuwa amekaa katikati yavyo, amekishika kimoja kwa mikono miwili. Alimenya ganda la nje lenye vinyweleo, akalitupa, akamenya la pili, la tatu, polepole, mpaka kiini cheupe kikatokea. Akakivunja. Mlio wa kuvunjika ulitufikia tulipokuwa tumesimama.