Umeme wa Bei ya Mkataba Uingereza

Wenzetu wafanyakazi wa Uingereza huchagua kampuni ya kuwauzia umeme. Anayetaka hutia sahihi mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja, na bei ya yuniti haipandi mpaka mkataba uishe. Tusidanganyike hapo: kilichofungwa ni bei ya yuniti, siyo bili. Taa zikiwaka usiku kucha, mwenye nyumba atalipa.

Asiyetia sahihi hulindwa na kikomo cha bei kilichoanza Januari 2019. Lakini kikomo chenyewe hupanda. Oktoba 2021, umeme na gesi kwa nyumba ya kawaida vilihesabiwa pauni 1,277 kwa mwaka. Aprili 2022 ikawa 1,971. Waliokwisha kufunga bei walipumua, ila si wote. Kampuni zaidi ya 25 zilifilisika, wateja wakahamishiwa kwingine, na bei yao nafuu ikafa pamoja na kampuni.

Sisi tungeuliza kwanza faini ya kuvunja mkataba. Bei za wengine zikishuka, aliyejifunga huendelea kulipa ile ile, au hutoa faini atoke. Hata hivyo, mtu ambaye mshahara wake hauoni mwisho wa mwezi huenda akapenda kuijua bei mapema, ingawa atazidishiwa kidogo. Hatumlaumu.